Mfumo Mkongwe Ulindwe Kabla Pakiti Haijaufikia

Mnamo Juni 2019 Jonathan Looney, mhandisi wa Netflix, alifichua kasoro ya Linux iliyopewa jina la SACK Panic. Ilikuwemo tangu toleo la 2.6.29, la mwaka 2009. Mshambuliaji hufungua muunganisho wa kawaida wa TCP na kudai kuwa anapokea vipande vidogo tu. Kiwango cha chini kabisa ni baiti 48. Maelezo ya TCP yenyewe yakichukua 40, data hubakiwa na 8. Kisha hutuma taarifa za mapokezi zilizopangwa kwa hila, seva ikalazimika kurundika vipande hivyo katika fungu moja. Fungu likijaa, vipande hufikia 69,632, ilhali kihesabio chake, chenye biti 16, hukomea 65,535. Kinafurika, na kiini cha mfumo kinasimamisha mashine nzima. Yote haya hutokea bila nywila kuulizwa wala faili kufunguliwa.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Kasoro za aina hii hukaa kwenye sehemu inayoshughulikia pakiti kabla mfumo haujajua nani anabisha hodi, kwa hiyo nywila ngumu na programu ya kuua virusi hazifui dafu. Mfumo unaoendelea kuhudumiwa huzibwa kwa kiraka. Ule ulioachwa na watengenezaji wake hauna tegemeo hilo: Februari 2021, Microsoft ilipoziba kasoro ya IPv6 yenye uwezo wa kuangusha Windows, wenye Windows 7 waliopata kiraka ni wale waliolipia huduma ya nyongeza. Waliobaki walihitaji njia nyingine, kama kuzuia pakiti za hila njiani, na kwa kweli inawezekana. Dhidi ya SACK Panic, kwa mfano, kuchuja miunganisho inayodai vipande vidogo mno kulitosha kuwa kinga ya muda, na kichujio hicho kinaweza kukaa kwenye mashine nyingine mpya iliyotangulizwa mbele.

Wapo watakaosema dawa ni kununua mfumo mpya. Ni kweli, na pesa ikiwepo isingojwe. Lakini kompyuta inayoendesha kipimo cha maabara au mtambo wa kiwandani mara nyingi imefungwa na programu isiyokubali toleo jipya, na wagonjwa au uzalishaji haviwezi kusubiri bajeti. Wengine hujiliwaza kwamba mashine yao haiko kwenye intaneti. Ikiwa iko mtandao mmoja na kompyuta za ofisi, laptopu moja iliyoambukizwa inatosha kuifikia. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kichujio hakizuii mafuriko yanayojaza laini yote. Hayo huzuiwa na mtoa huduma wa intaneti, huko juu. Ila pakiti chache za hila, ambazo mtoa huduma hatazitambua, ni kazi ya kichujio chako.

Unayesimamia mashine ya namna hii, itenge leo kwenye mtandao wake, orodhesha poti zilizo wazi, na kila usiyoweza kuitolea sababu uifunge.