Kamina: kabla ya kulipia mafunzo ya urembo, uliza nani anatia sahihi kwenye cheti

Katika mji wa Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga igawanywe katika majimbo manne mwaka wa 2015, kazi ya kusuka na urembo inavuta vijana wengi, kwani haingoji kuandikwa kazi na serikali. Lakini mzazi aliyeuza mahindi au mbuzi ili binti yake ajifunze anaweza kupoteza pesa yote kama hakuuliza mambo machache mapema.

La kwanza ni cheti. Njia za kujifunza ni tatu, wala hazina thamani moja. Kwenye shule ya sekondari, Esthétique et Coiffure ni tawi la ufundi linalomalizika kwa Examen d'État. Anayefaulu anapata diploma ya serikali na anaweza kuendelea na chuo kikuu. Njia ya pili ni kituo cha mafunzo ya muda mfupi, kiwe cha serikali kama INPP, iliyoundwa mwaka wa 1964, au cha mtu binafsi. Si kila kituo kinafundisha kazi zote, kwa hiyo ni lazima kwenda kuuliza. Kwa kituo cha binafsi, omba kuona kibali chake, na uulize nani anatia sahihi kwenye brevet. Karatasi yenye muhuri wa mwenye saluni peke yake haitasaidia sana mbele ya mwajiri wa Lubumbashi au Kolwezi.

Njia ya tatu ni kujifunza kwa fundi. Hapo sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inaomba mkataba wa maandishi. Bila mkataba, mwanafunzi anaweza kufagia na kuchota maji miezi mingi bila kushika kichwa cha mteja. Tena, sheria ya kulinda mtoto ya mwaka wa 2009 inakataza kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 16.

La pili ni gharama. Ada inayotajwa siku ya kujiandikisha mara nyingi si yote. Uliza kuhusu kichwa cha bandia cha kujifunzia, mèches, dawa, blouse, pesa ya mtihani na ya stage. Andika yote, na udai risiti kwa kila malipo.

La tatu, na ndilo zito zaidi, ni afya. Kazi hii inagusa mwili wa mtu. Défrisant nyingi zina soda kali inayoweza kuunguza ngozi ya kichwa na kudhuru macho. Kusuka kwa kukaza sana kunang'oa nywele za mbele, na zingine hazirudi tena. Wembe uliokata mtu mmoja na kutumiwa kwa mwingine unaweza kupitisha ugonjwa wa ini wa aina ya B au virusi vya Ukimwi.

Kuhusu mafuta ya kujichubua, Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki iliyo katika baadhi yake inaharibu figo. Hidrokwinoni, dawa nyingine ya kugeuza rangi ya ngozi, ilipigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya tangu mwaka wa 2001. Kituo kinachofundisha kuchanganya mafuta hayo bila kueleza hatari yake kinamwandaa mwanafunzi kuumiza wateja wake.

Njia rahisi ya kupima kituo ni kukitembelea siku ya masomo, bila kutangaza. Hesabu wanafunzi walio kwa mwalimu mmoja. Angalia kama wanashika nywele au wanaandika tu ubaoni, kama vitana na makasi vinasafishwa baada ya kila mtu, na masomo yanaendeleaje umeme ukikatika. Kisha tafuta wawili au watatu waliomaliza mwaka uliopita na uwaulize wanafanya kazi wapi.

Anayetaka kufungua saluni yake mwenyewe aulize pia kama kituo kinafundisha kuhesabu faida na kushughulikia patente. Bila hesabu, hata fundi hodari anaweza kufunga mlango wake.