Mke wa Askari Asiyerudi

Katika Vita Vikuu vya Pili, tangu mwaka 1939 mpaka 1945, watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia katika jeshi la Mfalme wa Uingereza, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Katika vijiji vya mteremko wa Mlima Meru nako walitoka vijana. Baadhi yao walijitolea kwa kutaka mshahara; wengine waliitwa na wakubwa wao wala hawakuulizwa shauri. Waislamu miongoni mwao walikuwa wachache, kwani vijiji vingi vya huko ni vya Walutheri, na nyumba zetu zilikuwa moja moja baina ya migomba.

Vikosi vya 26 na 36 vya Keya, ambavyo vilikuwa vya Tanganyika, vilipelekwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, katika majira ya mvua kubwa za huko, Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw, mahali pa malaria na tope lisilokwisha, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin, nayo ikauvuka mwezi wa Desemba. Mtu wa Meru amezoea mvua na ukungu, lakini jioni hurudi penye moto wake. Huko askari alilala ndani ya mvua hiyo na bunduki yake. Mwislamu alikuwa na rukhsa alizopewa na Mola wake: kupunguza sala, kufungua safarini akalipa baadaye, na kusali sala ya khofu, ambayo namna yake imetajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 102, kundi moja likisali na jingine likilinda. Watoto wa chuoni huipita aya hiyo kama khabari ya watu wa kale tu.

Wala si wote waliofika Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haikurudisha maiti za kuzikwa.

Sasa na tutazame nyumbani. Mke wa askari ameachiwa watoto, ng'ombe wawili watatu, na shamba la migomba na kahawa. Vita vimekwisha, wenzake mumewe wamerudi na makoti yao ya kijeshi, na yeye hana ila neno moja: amepotea. Je, ni mke au ni mjane? Akae eda au angoje?

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kauli yenye nguvu ni kwamba mke huyo hubaki katika ndoa mpaka kifo kithibiti, au kadhi ahukumu kuwa mume amekufa kwa kupita muda ambao watu wa rika lake hawaishi. Imam Malik, akifuata hukumu ya Sayyidna Umar, amempa miaka minne tangu alipopeleka shauri lake kwa kadhi, kisha eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Na madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal yamewataja khasa waliopotea pahala pa maangamizi, kama watu wa chombo kilichovunjika au waliokosekana baina ya safu mbili za vita: nao ni miaka minne. Kwa maoni yangu, mwenye kumsomea mwanamke kauli ya kwanza peke yake, akamwacha bila ya chakula wala mtu wa kumfikisha kwa kadhi, amemtwisha mzigo ambao elimu haikumtwisha. Mas'ala haya hayakuisha na vita. MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 yaliingia tena katika nyumba nyingi.

Mali nayo ina hukumu yake. Ya aliyepotea hairithiwi mpaka ihukumiwe kufa kwake. Na akifiwa na baba yake katika muda huo, fungu lake huwekwa. Kwa watu wa Meru jambo hili lilikuwa zito, maana ardhi ilikuwa haba na mashamba ya walowezi yameuzunguka mlima. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya watu wa Engare Nanyuki, hata Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Katika dhiki hiyo, shamba la ndugu aliyepotea Burma ni kishawishi kikubwa kwa ndugu aliyeko nyumbani. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Ibn Umar, alimtaka Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umekwisha andikwa, na ni askari wangapi waliopanda lori bila ya kuandika hata mstari mmoja?

Chini ya mlima huo huo, Tengeru, waliwekwa tangu mwaka 1942 wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Waliofia hapo wana makaburi yao, nayo yangali yanatunzwa. Wa kwetu waliozama na Khedive Ismail majina yao yamechongwa Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Na waliopotea Burma bila ya kaburi wameandikwa Taukkyan, karibu na Rangoon. Yamepangwa kwa vikosi, bila ya jina la kijiji, hata mwenye kumtafuta wa kwake hana budi ajue kwanza kikosi chake na jina aliloandikiwa jeshini.