Umeme Ndio Unaoandika

Msomaji mmoja wa Tanga anatengeneza achari ya embe nyumbani kwake, na lebo za chupa anazichapa mwenyewe. Ameniandikia kwamba lebo zilizotoka kwenye printa yake ndogo ya rangi zilichuruzika mara tu chupa zilipotolewa kwenye friji na kuanza kutoa jasho. Zile alizochapishiwa stesheneri hazikuguswa na maji. Amefurahi, akapeleka hukohuko kadi za mchango wa harusi ya mdogo wake. Lo, kila kadi iliyokunjwa ikamwaga weusi vidoleni! Mashine ileile, anauliza, inakuwaje imara kwenye lebo na dhaifu kwenye kadi?

Printa yake ya nyumbani tuipite haraka. Hiyo hurusha matone ya wino wa majimaji, na aina nyingi za wino huo ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Ikilowa tena, inayeyuka tena. Utamu wote uko stesheneri, kwenye printa ya leza, kwa sababu ndani yake hamna wino hata tone. Katriji imejaa unga mkavu wa plastiki uliochanganywa na masizi, chembe zake zikiwa na upana wa maikromita 5 hadi 10 hivi. Mafundi wanauita tona, nami nawafuata. Wapo wanaopendekeza "wino mkavu", lakini wino mkavu kwangu ni kalamu iliyokufa. Ikilazimu kubuni, ningesema "unga chapishi", ingawa namwona muuza duka akinikodolea macho.

Sasa unga huo unajuaje pa kukaa?

Katikati ya mashine kuna dramu, silinda ya alumini iliyovishwa tabaka jembamba lenye tabia ya ajabu. Gizani, tabaka hilo halipitishi umeme: likipewa chaji, chaji inatulia pale ilipowekwa. Likiguswa na mwanga, pale palipoguswa tu, linafungua njia na chaji inatoroka kupitia alumini. Kila dramu inapozunguka, mashine huijaza kwanza chaji hasi juu yote. Chukulia ni daladala ya Mbagala saa moja asubuhi: hakuna kiti kitupu. Leza ndiyo konda. Inapita kiti kwa kiti na kumwambia huyu shuka, wewe kaa, nyie wawili shukeni. Kisha wanapanda abiria wapya, wamevaa nyeusi tupu. Hao ndio tona, nao wamepewa chaji hasi kwa kusuguliwa ndani ya katriji. Hasi na hasi hazikai pamoja, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumkalia mwenzake mapajani. Wote wanaangukia viti vilivyoachwa wazi. Ungeliondoa paa ukachungulia kutoka juu, ungesoma ACHARI YA EMBE kwa vichwa vya watu. Daladala inafika kituoni, na kituo chenyewe ni karatasi, inayopita huku nyuma yake kukiwa na chaji chanya yenye nguvu. Waliovaa nyeusi wanavutwa nje wote kwa pamoja, bila kuharibu mpangilio hata wa nukta moja. Waliosalia wanafagiwa, viti vinajazwa upya, na safari inaanza tena.

Inaanza tena kabla ukurasa haujaisha, maana mzingo wa dramu ni mfupi kuliko karatasi ya A4. Ndiyo sababu dramu ikipata mkwaruzo, doa linajirudia kwenye ukurasa kwa umbali uleule. Lipime kwa rula. Ukikuta umbali huo ni sawa na mzingo wa dramu, umeshamjua mhalifu.

Na konda huyo ana kasi. Kwa nukta 600 kwa inchi, ukurasa wa A4 una mistari ipatayo 7,000. Mashine ya kurasa 20 kwa dakika inaimaliza yote ndani ya sekunde 3. Leza yenyewe haijongei. Kinachozunguka ni kioo chenye pande kadhaa, na kila upande unapopita mbele ya leza unafagia mstari mmoja wa dramu.

Aliyeanzisha haya yote, Chester Carlson, alifanya kazi ya hataza New York na alichoka kuhangaikia nakala za michoro. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso hadi likapata chaji, wakalimulika kupitia kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mahali. Wakanyunyizia unga wa mimea, wakapuliza, herufi zikabaki. Kwao unga ulishika palipobaki chaji. Leza ya leo imeligeuza jambo, unga unakwenda palipoondolewa. Mashine ya ofisini iliyotokana na bamba lile, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959, na Gary Starkweather wa kampuni hiyohiyo ya Xerox ndiye aliyekuja kuingiza leza.

Turudi kwenye kadi. Unga ukishafika kwenye karatasi umelala tu; chomoa karatasi iliyokwama katikati ya mashine uone kidole kinavyoyafuta maandishi. Kinachouganda ni rola ya moto, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, inayoibana karatasi hadi plastiki inayeyuka na kung'ang'ania nyuzi zake. Plastiki iliyoganda haijali jasho la chupa. Kadi nene, ya gramu 200 na zaidi, hunyonya joto jingi, na kwa mwendo wa kawaida plastiki inalainika juu tu bila kushika chini. Ukiikunja, inabanduka. Mwambie kijana wa stesheneri achague "karatasi nzito" kwenye mipangilio kabla ya kuchapa. Mashine itapunguza mwendo, na foleni itanuna.

Lebo nazo zinunuliwe za leza, vinginevyo gundi itayeyukia kwenye rola. Tona ikimwagika, nawa kwa maji baridi.

Kwa watu wa pwani, rimu ya karatasi iliyoachwa wazi inakunywa unyevu hewani. Karatasi yenye unyevu inavujisha ile chaji inayopaswa kuuvuta unga, na maandishi yanatoka yamepauka. Wengi hukimbilia kununua katriji mpya wakati tatizo liko kwenye kabati.

Onyo la mwisho: fomu za nakala tatu usizichape kwa leza kwa mkupuo mmoja. Karatasi zake zimepakwa vifuko vidogo mno vya rangi vinavyopasuka vikigandamizwa na kalamu au sindano za printa zile za zamani zenye kelele, ambazo bado zinalinda kazi yao kwenye maghala. Leza haigongi, inaweka tu, kwa hiyo kila nakala ipitishwe peke yake, ndipo zipangwe na kubanwa pini.