Njuka wa Kiungani

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyefika bweni leo hajifichi. Sanduku lake la bati bado linang'aa, sare imempwaya kwa sababu mama alinunua ya kukulia, na akitumwa maji anakwenda mbio. Wakubwa humwita njuka. Usiku wa kwanza njuka hulia kidogo ndani ya shuka, na asubuhi anakana kabisa kwamba ni yeye.

Sogeeni basi, niwasimulie habari za njuka wa zamani, walioingia shule bila sanduku wala barua ya kujiunga, na bila mzazi hata mmoja kujua mwanawe yuko wapi.

Shule yenyewe ilikuwa Unguja, mahali paitwapo Kiungani, kusini mwa mji, karibu na bahari. Ilikuwa ya misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa herufi zake nne, UMCA. Wamisheni hao walianza kwanza bara, upande wa mto Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Huko mambo yaliwaendea vibaya: homa, njaa, vita vya watumwa, na askofu wao, Mackenzie, akafariki mwaka 1862. Askofu aliyemfuata, William Tozer, akaamua kuhama. Mwishoni mwa Agosti 1864 akashuka Unguja pamoja na padre mmoja mwanasheria, Edward Steere, wakapata nyumba mjini, Shangani; Kiungani ilikuja baadaye.

Nyumba walikuwa nayo, wanafunzi hawana. Watoto wa mjini walikuwa na vyuo vyao vya Kurani, na hakuna mzazi aliyekuwa akiwasubiri hawa wageni. Ndipo Sultani Majid bin Said akampa Tozer wavulana watano, waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio njuka wa kwanza. Wawili kati yao ni Swedi na Farajallah, na majina hayo yashikeni, tutakutana nayo tena.

Fikirini mapokezi yenyewe. Watoto wametoka bara, wamezoea lugha za kwao. Steere naye ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili. Na huko njiani watoto wengi walikuwa wameambiwa na wafanyabiashara kwamba Wazungu wanakula watu. Kwa hiyo mtoto akiwekewa wali na mchuzi, akaambiwa kwa ishara ale, ale zaidi, hesabu aliyoipiga kichwani mwake haikuwa ya kumfurahisha. Wengine waliamini kweli kwamba wananenepeshwa.

Baadaye wakaja wengi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Lakini biashara haikufa kwa saini. Majahazi yalijificha, yakasafiri usiku. Waingereza wakaleta manowari kuukuu, HMS London, ikatia nanga bandarini Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, na mashua zake ndizo zilizokuwa zikifukuza majahazi. Watu waliokamatwa humo waligawanywa. Wavulana wengi walipelekwa Kiungani, na wasichana Mbweni, kwenye shule ambayo Bi Caroline Thackeray aliiongoza kwa miaka mingi.

Hebu tumtazame mvulana mmoja anayefika Kiungani miaka hiyo. Simpi jina, maana nimemuunga kutokana na wengi. Ana miaka tisa au kumi, mwenyewe hajui. Ameuzwa mara tatu au nne kabla ya kuiona bahari: mara kwa nguo, mara kwa chumvi. Ndani ya jahazi walipangwa wamekunja magoti, wala hawakuona jua. Sasa ameogeshwa, amenyolewa, amevishwa nguo safi. Yuko uani, macho chini, wavulana wengi wamemzunguka, nao wanasema Kiswahili anachokishika neno moja moja.

Mwalimu Mzungu anamwambia kitu cha upole. Hakielewi. Halafu kutoka nyuma ya kundi mvulana mwingine anauliza swali kwa Kiyao: umetoka kwa nani?

Hapo ndipo mapokezi yanapoanza. Shuleni humo walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wabisa, Wanyamwezi, Wazaramo na wengine, na karibu kila mgeni angempata mmoja wa lugha yake. Huyo ndiye aliyemweleza kwamba hapa haliwi mtu, kwamba kengele ile ni ya kula na ile nyingine ni ya sala, na kwamba yeye mwenyewe alifika hivihivi, anatetemeka. Vitabu vingi vya misheni huwasifu maaskofu, na mimi siwanyimi sifa zao. Lakini nikiulizwa nani aliyewapokea wageni wa Kiungani, nitasema ni wale watoto waliotangulia.

Mmoja wenu atauliza: je, mvulana huyo aliulizwa kama anataka kukaa? Hakuulizwa. Serikali ya Waingereza ilimkabidhi kwa misheni kama mali iliyookotwa. Dini ilichaguliwa na waliomlea, na akibatizwa alipewa jina jipya mbele ya lile la zamani: Swedi akawa John Swedi, Farajallah akawa George Farajallah. Wako waliolipenda jina hilo maisha yao yote, na wako waliotoroka. Kurudi kwao halikuwa jambo jepesi. Mtoto aliyeibwa akiwa mdogo angejuaje njia, na njia yenyewe ilikuwa na watekaji walewale?

Jambo moja ambalo Tozer na Steere walilisimamia ni kwamba watoto hawa wasigeuzwe Waingereza. Walivaa kanzu na kula kwa mkono, na masomo na sala vilikuwa kwa Kiswahili. Ndiyo lugha ambayo Myao na Mnyamwezi wangekutania, na njuka aliijua ndani ya miezi, kwa sababu bila hiyo hachezi na mtu. Steere aliisoma kwa bidii ileile. Mwaka 1870 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka, pamoja na mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja.

Kazi ndiyo niipendayo zaidi kusimulia. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na wavulana ndio walioufanyia kazi. Herufi za risasi, kila moja ndogo kama punje ya mchele, zilikaa katika visanduku vyake. Mvulana alishika kibao kidogo mkono wa kushoto, akaokota herufi moja moja kwa mkono wa kulia na kuzipanga kinyumenyume, ili karatasi ikikandamizwa maneno yatoke sawasawa. Kwa hiyo alilazimika kujua kusoma mara mbili: kama tusomavyo sisi, na kama isomavyo kioo. Na Kiswahili kinavyopenda a! Jaribuni kuandika sentensi moja tu, halafu hesabuni. Kisanduku cha a kikiisha katikati ya ukurasa, kazi yote inasimama. Vidole vyeusi kwa wino, kanzu nyeupe. Dobi wa Kiungani namhurumia.

Walicheza pia. Mpira wa miguu ulichezwa Kiungani mapema kabisa, kabla timu za mjini hazijajulikana.

Na Swedi na Farajallah? Mwaka 1870 wote wawili walipewa daraja ndogo ya utumishi kanisani. Farajallah hakuishi sana baada ya hapo. Swedi akawa shemasi mwaka 1879, miaka 15 tangu siku ile ya Sultani Majid. Mwaka 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, aliongoza kundi la watu waliokombolewa kurudi bara. Wakaishia Masasi, wakajenga kijiji. Naye Cecil Majaliwa, Myao aliyefika Kiungani kwa njia ya utumwa, alipelekwa Canterbury kusoma, akarudi, na mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Alifanya kazi Chitangali, si mbali na Masasi, kati ya Wayao wenzake.

Miaka ilivyosonga, njuka wenyewe walibadilika. Majahazi ya watumwa yalipungua, na sasa wavulana walikuja kutoka vituo vya misheni bara, Magila, Masasi na kwingineko, wametumwa na baba na mama zao wasomee ualimu. Hawa walijua kwao ni wapi na nani anawangoja. Aliyewaonyesha pa kulala na pa kunawa huenda alikuwa mvulana wa jahazi, ambaye hakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Sijui wawili hao walizungumza nini usiku, taa zikizimwa. Mwalimu mmoja wa Kiungani, A. C. Madan, aliwaandikisha wavulana wa jahazi habari za maisha yao, akazitafsiri, zikachapwa London mwaka 1887. Nyingi zinaanzia nyumbani, kabla ya kukamatwa: shamba, mifugo, jina la mkubwa wa kijiji.

Mwaka uliofuata Kiungani ilianzisha gazeti lake, Msimulizi. Walimu waliosomea hapo, ambao sasa walikuwa wametawanyika vituoni bara, walituma habari: nani ameoa, nani amefariki, shule ina watoto wangapi, vita vimefika wapi. Habari hizo zilifika Kiungani zimeandikwa kwa mkono, na zikapelekwa kwenye mtambo. Njuka aliyetoka upande wa Masasi, akiwa ameanza tu kujua visanduku vya herufi, angeweza kupewa ukurasa wa kupanga, akakuta ni habari za kwao.