Chuo Kikuu cha Mbali na Sauti ya Wanafunzi Wake

Mwalimu aliye darasani ana msaada mmoja mkubwa: anaona nyuso za wanafunzi wake. Mmoja akikunja uso, mwalimu anajua ya kuwa neno halikueleweka, naye analirudia kwa namna nyingine. Lakini mwalimu anayefundisha watu wakaao mbali, kwa vitabu, kwa barua, au leo kwa intaneti, haoni uso wa mtu. Basi, atajua namna gani kama fundisho lake limefika? Na akiisha kuambiwa kasoro yake, yampasa kufanya nini? Tutaeleza mambo hayo kwa mfano wa chuo kikuu kimoja chenye sifa katika kazi hiyo, ndicho Open University cha Uingereza.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza, wapata 24,000, walianza masomo mwezi wa Januari 1971. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye kazi na jamaa, wakisoma nyumbani kwao jioni. Hawakudaiwa diploma kabla ya kupokewa. Vitabu viliwafikia kwa posta, na mafundisho mengine yalipita katika radio na televizio ya BBC. Siku hizi masomo mengi yapita katika intaneti.

Kwa sababu gani sauti ya mwanafunzi ni ya lazima katika chuo cha namna hiyo? Kosa la mwalimu wa darasani lawasumbua watu arobaini, na kesho yake aweza kulinyosha. Kosa lililokwisha kupigwa chapa lawaendea maelfu ya watu kwa mara moja, na kitabu chaweza kutumika miaka kadhaa. Tena mwanafunzi wa mbali hana mwenzake wa kumwuliza kando yake. Akikwama, amekwama peke yake.

Tutazame sasa njia za kuisikia sauti hiyo.

Kwanza, kabla ya kitabu kutoka. Somo haliandikwi na mtu mmoja, bali na kundi la walimu pamoja na wajuzi wa namna ya kufundisha. Wanasomeana maandiko yao na kuonyana. Hapo mwanzo masomo fulani yalijaribiwa kwanza kwa watu wachache, kusudi ijulikane mahali gani msomaji atapotea.

Pili, katika kazi za kuandika. Kila mwanafunzi ana mwalimu wa kumsahihishia kazi zake. Kama wengi wameshindwa ulizo lile lile, wamekwisha kusema bila kusema: aidha fundisho si wazi, ama ulizo lenyewe ni baya. Chuo pia huzitazama baadhi ya kazi zilizosahihishwa, kusudi kijue kama mwalimu yule ameeleza sababu ya alama, au ameandika tarakimu tu.

Tatu, kwa karatasi za maulizo ambazo wanafunzi hujaza juu ya somo walilosoma. Nne, kwa wajumbe: wanafunzi wana chama chao, na wajumbe wao huketi pamoja na walimu katika baraza za chuo.

Lakini kusikia si kujibu. Maneno yakiisha kukusanywa, yatakiwa kupangwa. Kuna mambo ya kutengenezwa upesi: tarakimu iliyokosewa, ukurasa uliopotea, maagizo yasiyoeleweka. Kwa hayo yafaa kupeleka habari kwa wanafunzi wote mara moja. Kuna mambo ya kungojea mwaka ujao, kama vile kupunguza kazi zilizosongamana katika juma moja. Kuna mambo makubwa yanayodai kitabu kiandikwe upya. Tena kuna mambo ya kukataliwa. Wanafunzi wakiomba sehemu ngumu iondolewe, na sehemu ile ndiyo nguzo ya elimu hiyo, chuo kitafanya vema kuishika, kikiongeza mifano na maelezo. Lakini kikikataa, kiwaambie sababu. Mtu aliyejaza karatasi asipate neno lolote, mwaka wa pili hajazi tena.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2005 wanafunzi wa mwisho wa vyuo vikuu huulizwa maoni yao kwa maulizo ya taifa. Kwa miaka mingi sehemu ya masahihisho ilikuwa kati ya sehemu zilizopata sifa chache. Malalamiko ni mepesi kufahamu: masahihisho yakichelewa hata kazi ya pili imekwisha kupelekwa, hayasaidii tena. Mwanafunzi amerudia kosa lile lile, wala hakuwa na mtu wa kumwonya.

Kuna hatari moja ambayo yatupasa kuiangalia sana. Ni nani ajazaye karatasi ya maulizo mwisho wa somo? Ni yule aliyefika mwisho. Yule aliyeacha katika mwezi wa pili, kwa kukosa wakati, feza, au moyo, hayumo tena katika hesabu. Chuo chaweza kusoma sifa nyingi na kufurahi, na huku wengi wamekwenda zao kimya. Wahenga walisema: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo chuo chenye akili hakingojei mwisho. Mwanafunzi asipopeleka kazi yake ya kwanza, mwalimu wake amwandikie au ampigie simu, amwulize pasipo kumgombeza: Umekwama wapi? Jibu la mtu huyo mmoja laweza kufundisha zaidi kuliko karatasi mia za wale walioridhika.

Basi, kati yetu wamo wanaofundisha watu wasioonana nao kila siku, kwa barua, kwa radio au kwa simu. Wajiulize maneno matatu: Tumewauliza wanafunzi? Tumewarudishia jibu? Na wale walionyamaza, ni nani aliyewatafuta?