Kaole na Bagamoyo: Tusilitie Tembo Maji

Watu huvuka bahari kuja kutazama magofu yaliyo jirani na mashamba yetu. Nasi tukaao Mlingotini twaweza kuyafikia kwa miguu. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kuwapeleka watoto wao?

Kaole iko kati ya kijiji chetu na mji wa Bagamoyo. Hapo yamo magofu ya misikiti miwili iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ule mkongwe ni wa karne ya 13. Karibu nayo yako makaburi yenye nguzo ndefu, ambazo zamani zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Kwa hayo twajua ya kuwa wazee wa pwani walifanya biashara na nchi za mbali kabla Mzungu hajaonekana huku. Leo mikoko imeota mahali vyombo vilipotia nanga.

Ukifika Bagamoyo utakutana na habari za karne ya 19. Misafara kutoka Tabora na Ujiji iliishia hapo, ikileta pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni, wakawakaribisha waliokombolewa utumwani. Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa Livingstone, wakiisha kuuchukua miezi mingi kutoka bara. Wajerumani nao waliufanya mji huo makao ya serikali yao hata 1891, walipohamia Dar es Salaam.

Kinywaji cha asili cha pwani hii ni tembo la mnazi. Mgema hupanda na kotama yake, akakata ncha ya karara, na utomvu hudondoka katika chombo alichokifunga juu. Likiwa bichi ni tamu. Likikaa kutwa huwa kali. Likiachwa siku nyingi hugeuka siki. Nao wahenga walisema: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Methali hiyo yatuhusu sisi tuelezao habari za mji. Wageni wakitusifu, tusiongeze ya kupendeza wala tusifiche ya aibu. Jina la Bagamoyo, wengine hulieleza kuwa ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa ya kurudi kwao. Wengine, kuwa ni furaha ya mpagazi aliyetua mzigo. Mwalimu na aseme yote mawili, asichague lile limlizalo mgeni. Aseme pia ya kuwa waliouza watu hawakuwa wageni peke yao. Walikuwamo na watu wa nchi hii. Tena aseme ya kuwa waliojenga Kaole walikuwa Waislamu wa pwani, asiwapunguzie heshima yao.

Basi, enyi wazazi, wapelekeni watoto. Wakatazeni kung'oa hata jiwe moja, kwa maana ukuta wa kale ukibomoka haurudi ulivyokuwa. Nao wakiuliza, wajibuni yaliyo kweli, matamu na machungu pamoja.