GARI DOGO: TULIBADILISHE INJINI AU TULIUZE?

Mama mwenzetu, kama nyumbani kwako mna gari la injini ndogo, bila shaka mazungumzo haya umekwisha kuyasikia. Chakula cha jioni kimeliwa, watoto wamekwenda kulala, na baba anasema, "Gari hili halina nguvu, tulibadilishe injini." Nawe moyoni unaona afadhali liuzwe, litafutwe jingine. Kwetu sisi mazungumzo hayo yalidumu miezi mitatu, na zilikuwapo jioni ambazo tulilala bila kusali pamoja kwa sababu yake. Tumeona tuwaeleze yaliyotupata, maana fedha za gari katika nyumba nyingi ni kubwa kupita zote baada ya zile za ujenzi na ada za shule, na mara nyingi hutolewa wakati watu wana hasira au wana woga. Sisi tulikuwa na woga.

Gari letu ni Toyota Vitz la umbo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, lenye injini ya cc 997. Vijana hapa mjini Dodoma huyaita magari ya namna hii "beibi woka". Tulilinunua limekwisha kutumika Japani na kisha Dar es Salaam, nasi tumekaa nalo miaka sita. Limetupeleka kazini, kanisani na soko la Majengo, limebeba magunia ya mkaa, wanakwaya na sufuria za harusi. Tulilipenda mpaka usiku mmoja wa mwezi Februari.

Usiku huo tulipigiwa simu kutoka kijijini, mbele ya Mvumi, kwamba bibi wa watoto wetu, mzaa baba, mkono wake wa kulia umelegea ghafla na maneno hayatoki sawasawa. Mwuguzi akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Hiyo ni dalili ya kiharusi na kila dakika ina thamani. Tuliondoka na nguo za kulalia ndani ya vitenge. Tulipofika kwenye korongo la mwisho kabla ya kijiji, maji yalikuwa yamekwisha kupita na kuacha mchanga mpya, na Vitz likalala na tumbo juu ya mchanga huo. Simu hazikushika mtandao. Tulichimba kwa mikono na kwa kifuniko cha sufuria iliyosahauliwa kwenye buti, kwa muda wa saa tatu na nusu, tukilia na kuomba, mpaka vijana waliokuwa wanatoka msibani wakatutoa. Kumbe wakati sisi tunachimba, jirani alikwisha kumpakia bibi kwenye guta lake, akazungukia njia ya juu na kumfikisha hospitali ya Mvumi. Tulimkuta kitandani, amekwisha kupokelewa.

Bibi alipona, lakini mkono ule haujarudia nguvu zake. Baba wa nyumba yetu hakulisamehe lile gari.

WAWILI, MAWAZO MAWILI

Baba alikwenda gereji moja akarudi na karatasi ya bei. Injini ya cc 1500, kuinua gari kwa kuweka vipande vya chuma juu ya springi, rimu na matairi makubwa zaidi. Jumla shilingi milioni nne na nusu. Mama wa nyumba, yaani mwandishi wa makala haya, naye alikuwa na karatasi yake: kuuza Vitz, ambalo madalali walilitajia kati ya milioni nne na tano, kukopa milioni kumi kwenye chama cha akiba na mikopo kazini, na kununua Toyota RAV4 lililotumika. Tukubali sote kwamba hatukuwa tunatafuta gari. Tulikuwa tunatafuta namna ya kuufuta usiku ule.

Kilichotusaidia ni desturi ya wodini: hakuna kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Basi mwezi mzima wa Machi tuliweka daftari dogo ndani ya gari na kuandika kila safari, kilomita zake, idadi ya watu na aina ya barabara. Mwisho wa mwezi tulikuta kilomita 940. Kati ya hizo 700 zilikuwa za hapa hapa mjini, karibu zote za lami. Kijijini tulikwenda mara mbili tu, jumla kilomita 240, na pale penye shida hasa, makorongo na matope, hapazidi kilomita 9 kwa kila safari. Safari za Dar es Salaam, ambazo zamani zilikuwa hoja kubwa ya kutaka gari kubwa, hazikuwamo kabisa, kwa kuwa tangu treni ya SGR ilipoanza kuja Dodoma mwaka 2024 tunapanda treni.

Pili, tulilipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee asiye na haraka, tukamwomba alipime tu. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi kiasi kwamba alipoligonga chini ilitoka rundo la udongo mwekundu. Plagi zilikuwa zimekwisha. Breki ya mbele kushoto ilikuwa imeng'ang'ania, ikilizuia gari lisitembee huru. Shokapu zote nne zilikuwa zimekufa. Tulilipa shilingi 480,000 kwa vyote. Aibu ilitushika, maana wodini tungemgombeza mwuguzi mwanafunzi kwa uzembe wa namna hiyo.

Tukalijaribu kwenye ule mpando wa kutoka bonde la Bahi kwenda Manyoni, ambako mwaka wa nyuma lilikuwa linapandia gia ya chini huku malori yakitupigia honi. Safari hii lilipanda vizuri, ingawa si kwa kasi. Mzee yule alitueleza pia jambo ambalo hatukulijua: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taboo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita elfu. Vitz hili likiwa jipya lina nguvu za farasi 70 pwani. Huku kwetu lina kama 62. Hilo si ugonjwa, ni mahali tunapoishi.

KUHUSU KUBADILISHA

Hatusemi kubadilisha gari ni dhambi. Lakini mama anayeombwa kukubali atoe fedha ana haki ya kujua anachokubali. Injini ya 1500 haiingii tu mahali pa ile ya 1000. Ni ya ukoo mwingine, hivyo hutaka vishikio vyake, giaboksi yake, nyaya zake na kompyuta yake, na breki zilizopangwa kwa gari dogo sasa zinatakiwa kulizuia gari lenye mbio zaidi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo badiliko hilo lazima lipelekwe TRA, na kampuni ya bima iarifiwe pia, kwani siku ya ajali wataangalia kadi kwanza.

Kuinua gari ndiko kulikotutia hofu zaidi. Gari likiinuliwa sana, uzito wake unapanda juu na wepesi wa kupinduka kwenye kona unaongezeka. Ekseli za mbele zinakaa mshazari, zile raba zake zinachanika, mchanga unaingia na jointi inakufa. Matairi makubwa kuliko kipimo yanaifanya injini ndogo ichoke zaidi, na mita ya mwendo inasoma pungufu, yaani unadhani uko 80 kumbe umezidi. Sisi tunaowapokea majeruhi wa barabarani hatupendi habari hiyo.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna springi inayolitatua. Maji yanayotembea yakifika kimo cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na yakifika 60 yanachukua hata magari makubwa mengi, RAV4 likiwamo. Usiku ule maji yalikuwa yamepita. Kama tungekuwa na gari la juu na tukafika saa moja kabla, pengine tungejaribu kuvuka.

KUHUSU KUUZA

Hapo ndipo na karatasi ya mama ilipopungua nguvu. Tulipiga hesabu ya mafuta kwa kilomita zetu 940. Vitz linatumia kama lita 58 kwa mwezi, gari la cc 2000 la magurudumu manne lingetumia karibu lita 100. Kwa mfano wa shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni 126,000 kila mwezi kabla hatujalipa rejesho la mkopo. Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2017 ile ada ya barabara ya kila mwaka ilipofutwa, mzigo wake ulihamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayechoma lita nyingi ndiye anayelipa nyingi. Wanaoagiza kutoka nje nao waangalie: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18 juu ya jumla, ushuru wa bidhaa kwa injini zinazozidi cc 1000, na nyongeza ya uchakavu kwa gari lililopita miaka 8.

Hata hivyo tusingemshauri kila mama abaki na gari dogo. Kama mko watu saba na watoto wanapakatwa mbele, au bodi imeliwa na kutu chini ya milango, au mikanda ya nyuma haifungi, hilo gari liuzwe, tena mapema, na umiliki uhamishwe TRA siku hiyo hiyo ili faini za mwenye gari mpya zisiwafuate ninyi.

TULIVYOAMUA

Siku ya Jumapili moja mwezi Mei, baada ya ibada, tulikaa na daftari mezani. Tulikuwa tumesoma Luka 14, habari ya mtu anayetaka kujenga mnara na kukaa kwanza ahesabu gharama, na baba akasema kwa sauti ya chini, "Lakini aliyemwokoa mama yangu ni mtu wa guta." Tulinyamaza muda mrefu.

Tulikwenda kumwomba bibi ahamie kwetu kila mwaka toka Desemba hadi Aprili. Alitucheka. Miezi hiyo ndiyo ya palizi, alisema, na uwele ukikomaa nani atamfukuzia ndege? Tukaacha kumsumbua. Tulimnunulia mashine ya kupimia shinikizo la damu, tukamfundisha binti wa jirani kuisoma na kuandika, tukaweka dawa za miezi miwili kabla ya mvua, na yule jirani wa guta tumemwekea fedha ya mafuta isiyoguswa kwa kazi nyingine. Vitz limepata shokapu mpya za kimo chake kilekile na bati la kukinga injini chini. Basi. Milioni nne na nusu hatukuzitumia. Sehemu imekwenda ada, nyingine iko benki. Baba bado hugeuza shingo RAV4 likipita, nasi tumekubaliana tulizungumze tena kijana wetu wa mwisho atakapomaliza kidato cha nne.

Mvua zilipoanza Desemba tulikwenda kumwona bibi. Tuliliegesha gari ng'ambo ya huku ya korongo, chini ya mbuyu, tukavua viatu. Maji hayakufika vifundoni. Tulivuka kwa miguu, baba mbele na fimbo, mama nyuma na kapu la dawa kichwani, na binti wa jirani alikuwa ukingoni anatusubiri na daftari lake.